Kisima Kinachaji

Ripoti ilikuwa na kurasa mia moja na arobaini, na Meneja wa Ofisi ya Maji aliishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake. Aliitupa juu ya meza ya Mzee Kamba, kikombe cha chai kikaruka.

"Hii ndiyo kazi ya yule binti mtafiti," alisema. "Miaka miwili anatuchotea maji kwenye vichupa, kumbe anaandika kitabu. Nataka ukurasa mmoja tu. Kwa Kiswahili cha watu. Ijumaa nina mkutano wa wananchi."

"Meneja, mimi ni mpimaji. Maofisa wenye digrii wapo..."

"Wenye digrii ndio hawajui Kiswahili cha watu. Wewe umezoea matope." Meneja akacheka. Mzee Kamba naye akacheka, kwa kuwa Meneja alikuwa anacheka.

Kamba halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Kila Jumatatu alfajiri, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa akiteremsha utepe wa kupimia ndani ya Kisima Namba Nne, kisima kilichokuwa kikinywesha mtaa mzima. Nchani mwa utepe palikuwa na kidude cha chuma. Kikigusa maji kinalia pii, naye anasoma ni mita ngapi kutoka mdomo wa kisima kwenda chini hadi maji yalipo. Alipoanza kazi zilikuwa mita thelathini na nane. Sasa zilikuwa zinakaribia sitini. Watu waliona kamba inashuka na kupanda, wakamwita Mzee Kamba. Vijana, ambao kwao kupiga kamba ni kudanganya, waliona jina limemkaa sawasawa, kwa sababu mtu anayedai kujua habari za chini ya ardhi na hajawahi kwenda huko hawezi kuwa mkweli.

Alikuwa amebakiza mwaka na ushei astaafu. Mtumishi aliyestaafu bila doa kwenye faili lake aliuziwa nyumba ya ofisi aliyokuwa akikaa, kwa bei ya kutupa. Yake ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, yenye sakafu ya saruji nyekundu ambayo mkewe aliipiga nta kila Jumamosi mpaka wageni wakawa wanaingia kwa tahadhari. Mke huyo alikuwa ameshachagua ukuta wa kuvunja ili apate dirisha kubwa. Kitu pekee alichokuwa anasubiri ni faili la mumewe libaki jeupe.

Jioni hiyo Mzee Kamba aliitandaza ripoti juu ya meza ya kulia. Alikuwa amembebea yule mtafiti visanduku vya vichupa kwa miaka miwili, kwa hiyo mambo yenyewe aliyajua. Maneno ndiyo yaliyomshinda.

"Anasema hivi," alimwambia mkewe, aliyekuwa akichagua maharage. "Mvua inashuka na chumvi kidogo sana, ya kutoonekana. Jua linakunywa maji, mizizi nayo inakunywa maji. Chumvi haina wa kuinywa, inabaki. Sasa ukipima chumvi ya mvua, ukapima na chumvi ya kisima, unajua ni maji kiasi gani yamefika chini."

"Kama sufuria ya maharage," alisema mkewe bila kuinua macho. "Ukiisahau motoni, maji yanakwenda zake, chumvi inabaki. Hilo nalo lilihitaji mtu wa chuo kikuu?"

"Ndilo hilo hilo. Katika ndoo mia za mvua hapa kwetu, haifiki chini hata moja. Haya tunayoteka ni mvua iliyowanyeshea watu ambao hata makaburi yao hayajulikani."

"Kwa hiyo tunakula akiba."

"Tunakula akiba. Ila yale maji kushuka na kufidia kilichotumika, yeye ana neno lake. Sijui niliweke vipi."

"Weka kujazwa."

"Watadhani tutaleta magari ya maji tumimine humo."

"Kunyweshwa."

"Ni ng'ombe?"

Binti yao alikuwa mlangoni anavua viatu. Alikuwa na kibanda cha kuchaji simu karibu na soko, na tangu aachane na mumewe alikuwa amerudi nyumbani na kitanda chake, pasi yake na mdomo wake. "Baba, si useme tu kuchaji? Nani mtaa huu hajui kuchaji? Simu ukiitumia wiki nzima hujaichaji inakuwaje?"

"Inazima."

"Basi. Na kisima hivyo hivyo."

Mzee Kamba alimtazama mwanawe kwa fahari, akasahau kwamba asubuhi walikuwa wamegombana kwa ajili ya sukari. Akaandika: "Maji yaliyo chini ya ardhi hayachaji. Tunatumia chaji ya zamani, nayo inakwisha." Aliyasoma mara tatu. Aliona kwamba hata Meneja angeelewa, na kweli Meneja alielewa. Tatizo ni kwamba alielewa simu.

*

"Ndugu wananchi," Meneja alisema siku ya Ijumaa, akiupeperusha ule ukurasa mmoja, "wataalamu wetu wamefanya kazi usiku na mchana, na tatizo la kisima chetu limejulikana. Ni chaji!"

Watu wakaguna kwa namna ya watu waliopata jibu. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alisema yeye siku zote alikuwa anahisi hivyo. Mzee Kamba, aliyesimama nyuma akiwa ameshika vipaza sauti vya akiba, alinyoosha mkono. Meneja alimwonyesha kwa kidole, akawaambia watu wampigie makofi mtaalamu aliyegundua. Wakampigia. Mkono ukashuka wenyewe.

Jumatatu alimfuata Meneja ofisini, akasimama mbele ya meza akiwa ameshika kofia.

"Meneja, lile neno nililiweka kwa mfano tu. Nilimaanisha mvua. Mvua haifiki chini. Inatakiwa tupunguze kuteka, halafu kule korongoni tujenge vizuizi ili maji yatulie, yazame..."

"Mvua?" Meneja alimkatiza. "Mzee, mvua ni kazi ya Mungu. Bajeti yangu haina kifungu cha Mungu. Ina kifungu cha nishati, na mwaka wa fedha unakwisha mwezi ujao. Nikirudisha zile pesa, mwakani sipewi hata za kalamu."

"Lakini kisima hakichajiwi kwa umeme."

"Umeandika mwenyewe hakichaji. Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Basi usinichanganye." Akavuta faili moja katika rundo, akaliweka juu ya mengine, polepole. Lilikuwa faili la Mzee Kamba. "Nyumba ile umeitunza vizuri. Juzi nimepita, sakafu inang'aa. Ni haki yako uipate."

Mzee Kamba alishukuru. Alipofika nje ndipo alipojiuliza alichoshukuru ni nini.

*

Mkandarasi alifika na malori mawili. Alisimika paneli arobaini za jua, akajenga chumba cha betri chenye feni, na badala ya pampu ndogo ya zamani akateremsha pampu kubwa iliyoweza kuteka mara tatu ya ile. Mkandarasi hakuwa mjinga. Alijua vizuri sana kwamba anafunga pampu. Lakini karatasi za zabuni zilisema "mfumo wa kuchaji kisima", na mtu hulipwa kwa kilichoandikwa. Ukutani alipiga rangi: KITUO CHA KUCHAJI KISIMA NAMBA NNE. Chini yake akatundika ubao mweusi wenye maandishi ya rangi ya mafuta, KIWANGO CHA CHAJI, kisha nafasi ya namba, kisha alama ya asilimia.

Siku ya ufunguzi, kazi ya kuwapikia wageni alipewa mke wa Mzee Kamba, kwa kuwa ni mke wa mtumishi na mke wa mtumishi hadai. Alipewa asante na nusu debe la mafuta. Wageni walikaa chini ya hema, kila mmoja na chupa yake ya maji ya dukani. Wananchi walikaa juani. Mheshimiwa, mgeni rasmi, alikata utepe, pampu ikawashwa, na maji yakatoka kwenye bomba kwa nguvu ambayo mtaa haujawahi kuiona. Watu walipiga vigelegele. Walikuwa na haki, kwa sababu walikuwa wamezoea kusimama foleni saa tatu kwa dumu moja, na hakuna mwenye akili anayeyanunia maji yanayobubujika. Hata Mzee Kamba alijikuta anatabasamu.

Kisha kikaletwa chakula. Mheshimiwa alitia kijiko cha kwanza mdomoni, akatulia, akafungua chupa yake ya maji.

"Nani kapika?" aliuliza.

Meneja alimwita mke wa Mzee Kamba kwa kidole. Alikuja anajifuta mikono, mbele ya watu wazima na heshima zao, akasimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Mama, chakula kizuri," alisema Mheshimiwa kwa sauti ya kusikika hadi juani, "lakini hii chumvi! Umemwaga pakiti nzima? Au huko jikoni mna ugomvi na serikali?"

Hema lilicheka. Mke wa Mzee Kamba alisubiri wamalize.

"Mheshimiwa, sikutia chumvi hata punje. Tangu mwaka juzi sitii. Pakiti ninayo nyumbani haijafunguliwa. Chumvi ni ya kisima."

Vijiko vikarudi sahanini. Wakati huo mumewe alimpenda kuliko siku zote, na alitamani ardhi ipasuke immeze yeye Kamba.

"Ni madini, Mheshimiwa," Meneja aliwahi. "Maji yetu yana madini mengi sana."

"Madini!" Mheshimiwa aliweka kijiko chini, uso ukamchangamka. "Ndugu zangu, kuna watu wanauziwa madini kwenye vidonge huko mjini. Ninyi mnakunywa bure!" Wakapiga makofi. Mke wa Mzee Kamba aliinama kidogo, akarudi kwenye masufuria.

Ikabaki saini. Hati ya makabidhiano ililetwa kwenye ubao wa kuandikia, na Meneja akamwita mpimaji aijaze. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa kujazwa: *Kiwango cha chaji siku ya kukabidhi*, nafasi, alama ya asilimia. Mzee Kamba alishika kalamu. Alfajiri ile utepe ulikuwa umelia kwenye mita sitini na moja. Alitazama karatasi, akamtazama Meneja, akatazama ng'ambo ya uwanja lilipokuwa paa la nyumba yake. Hakujua asilimia yoyote. Namba aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja tu, akaiandika, akatia saini.

"Ngapi?" Meneja alinong'ona.

"Sitini na moja."

"Asilimia sitini na moja!" Meneja alitangaza kwenye kipaza sauti. "Na hapo ndiyo kwanza siku ya kwanza!"

*

"Sitini na moja ya nini?" mkewe alimuuliza walipokuwa wanaosha masufuria.

"Ya mita."

"Kwenda juu?"

"Kwenda chini."

Mkewe alisugua sufuria moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kile kisima kina urefu gani?"

"Mita mia. Wachimbaji waliishia hapo kwa sababu ndizo walizolipiwa."

"Hukusema uongo."

"Sikusema."

"Wala kweli hukuisema." Alimwaga maji machafu kwenye mche wake wa mpera, akayaangalia yakizama. Hakuwa mwanamke mwenye tamaa. Alikuwa amelala katika nyumba za watu tangu alipozaliwa, akahamishwa mara saba na vyombo kichwani, na mara mbili kati ya hizo mvua ilikuwa inanyesha. "Basi nyamaza," alisema. "Imebaki miezi kumi tu. Tukishapata hati ya nyumba, utasema mpaka uchoke."

Naye alinyamaza. Kila Jumatatu aliteremsha utepe, akasoma mita, akaiandika namba ile ubaoni kabla ya alama ya asilimia. Sitini na tatu. Sitini na sita. Sabini na moja. Pampu mpya ilikuwa inafyonza kutwa nzima bila kupumzika, na kwa kuwa maji yalikuwa tele, watu walifungua sehemu za kuoshea magari, na Ofisi ya Maji ikapanda nyasi mbele ya lango. Namba ilipanda kwa mwendo ambao Mzee Kamba hakuwahi kuuona maishani mwake, na kila ilipopanda mtaa ulifurahi.

"Mzee Kamba, leo tuko ngapi?" walimuuliza njiani.

"Sabini na nane."

"Safi sana! Mwaka huu tutafika tu."

Vijana waliacha kumtania. Muuza nyama alianza kumchagulia mnofu. Meneja alituma picha ya ubao makao makuu kila wiki, na makao makuu wakajibu kwa barua ya pongezi iliyotundikwa mapokezini. Mtu mmoja tu ndiye aliyelalamika, mwenye duka la pembeni, kwamba chumvi hainunuliwi tena na zile pakiti zimeganda kuwa mawe. Chai ya mtaa mzima sasa ilikuwa na ladha ya machozi, lakini watu walishaambiwa ni madini, na kitu ukishaambiwa ni cha faida unakizoea.

Mzee Kamba hakukizoea. Alikuwa na kipimo kidogo cha chumvi alichoachiwa na yule mtafiti, na kila alipokichovya kilimpa namba kubwa kuliko ya wiki iliyopita. Alimpigia simu mtafiti mara moja. Mtafiti aliuliza kwa upole, "Mzee, ripoti yangu hawakuisoma?" Alimjibu kwamba ilisomwa. Alishindwa kuongeza kwamba aliyeifupisha ni yeye.

*

Mshonaji alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, na cherehani yake ndiyo iliyokuwa saa ya mtaa. Zahanati ilikuwa imemwambia ana presha, aache chumvi. Akaacha. Mwezi wa sita baada ya ufunguzi alikuja kukaa jikoni kwa mke wa Mzee Kamba, akaweka miguu iliyovimba juu ya kigoda.

"Mwenzangu, mimi sielewi. Chumvi nimeacha. Nakula kama mgonjwa. Na maji nakunywa mengi kama walivyoniambia, lita tatu kila siku. Presha haishuki, inapanda tu."

Mke wa Mzee Kamba alimtazama mumewe. Mzee Kamba alitazama viatu vyake.

"Labda upunguze hayo maji," alisema.

"Daktari kasema ninywe."

"Kunywa ya dukani."

"Kwa pesa gani, shemeji? Ya dukani ni ya kina Mheshimiwa." Akacheka kile kicheko chake, na cherehani ikaendelea kulia kwa wiki tatu zaidi. Kisha asubuhi moja haikulia. Walimkuta ameegemea gurudumu, mdomo umevutwa upande, mkono mmoja unatafuta kitambaa ambacho kilikuwa mbele yake. Hakufa. Alirudi kutoka hospitali akiwa anatembea kwa kushikwa, na alipojaribu kucheka, sauti ilitoka upande mmoja tu wa uso. Mzee Kamba alikwenda kumjulia hali, akakaa dakika tano, akatoka, akasimama nyuma ya nyumba akalia kama mtoto. Wauguzi wa zahanati walimwambia kwamba presha ina sababu nyingi. Hilo alilijua, na halikumsaidia.

*

Zilikuwa zimebaki wiki tatu astaafu, na ubao ulisoma tisini na nne, Meneja alipokuja nyumbani kwao yeye mwenyewe. Alivua viatu mlangoni kwa heshima ya sakafu.

"Nimepiga hesabu," alisema, akiwa na soksi zake. "Kwa mwendo huu, tarehe ishirini tunagonga asilimia mia. Mheshimiwa nimeshamwambia, anakuja. Waandishi wa habari wanakuja. Kisima cha kwanza kilichojaa chaji! Na siku hiyo hiyo, Mzee wangu, mbele ya watu wote, unakabidhiwa hati ya nyumba yako. Nimeiweka kwenye ratiba." Akamgeukia mke. "Mama, chakula ni wewe tena. Watu mia tatu."

Ilikuwa ndiyo habari aliyoisubiri miaka kumi na tisa. Binti yao alipiga makofi, kisha akaona uso wa baba yake, mikono ikasimama hewani. Mkewe aliwatazama wote, mmoja mmoja, kisha akamjibu Meneja kwa adabu.

"Tarehe ishirini, kisima kikifika mia."

"Hasa."

"Sawa, Meneja. Ila niambie kitu kimoja. Nitapika kwa maji gani?"

Meneja alicheka, akasema mama ana utani, akavaa viatu vyake. Alipoondoka, mke wa Mzee Kamba aliinama kufuta alama za soksi sakafuni, ingawa soksi haziachi alama.

"Baba," binti alisema mwishowe, "ni wiki tatu tu. Watajionea wenyewe likikauka bomba. Kwani lazima uwe wewe?"

"Lile neno nilikuwa nimekosa," alisema Mzee Kamba. "Ukanipa la kwako, mwanangu, nikafurahi. Halikuwa kosa lako. Lakini ile namba niliiandika mwenyewe, kwa mkono huu, wiki arobaini." Akamtazama mkewe. Alisubiri amwambie anyamaze.

Mkewe aliendelea kufuta.

*

Jumatatu alfajiri aliteremsha utepe. Ulilia kwenye tisini na sita. Watu wa foleni ya kwanza walikuwa wameshafika, kwa kuwa siku hizi maji yalikuwa yanatoka kwa kukohoa, na waliowahi ndio waliopata. Alichukua msumari, akaikwangua ile alama ya asilimia. Rangi ilikuwa nzuri, haikutoka upesi, na mtaa mzima ukapata muda wa kumwangalia. Kisha akachukua chaki, akaandika 96, na mbele yake: MITA KWENDA CHINI. Mstari wa pili: KISIMA KINAISHIA 100.

Mwanamke mmoja mwenye madumu mawili aliyasoma kwa sauti, herufi moja moja. Akasoma tena kimyakimya, midomo ikicheza.

"Mzee Kamba. Kwa hiyo tangu mwanzo ilikuwa inashuka?"

"Tangu mwanzo."

"Na sisi tulikuwa tunapiga makofi."

"Na mimi nilikuwa naandika," alisema. "Mama, nilikuwa naogopa. Sina neno lingine."

Alitegemea matusi, na yalikuja machache, hasa kutoka kwa wenye kuosha magari. Mwenye duka la chumvi alisema yeye siku zote alikuwa anahisi hivyo. Lakini yule mwanamke alitua madumu yake chini, moja bado tupu, akaangalia paneli arobaini zilizokuwa zinaanza kushika jua.

"Hii pampu inazimwa wapi?" aliuliza.

Akamwonyesha. Yule mwanamke akavuta mpini wa swichi kwa mikono miwili, na mlio uliokuwa umeukalia mtaa kwa miezi kumi ukakatika. Pakawa kimya hadi watu wakaanza kunong'ona bila sababu. Waligombana, wakakubaliana, wakagombana tena: dumu moja kila nyumba, ile pampu ya zamani itolewe stoo irudishwe kisimani, mpaka ipatikane akili nyingine. Mtu akauliza habari za vizuizi vya korongoni. Mzee Kamba akaanza kuchora kwa chaki pale pale sakafuni, kwa maneno marefu, bila mfano wowote.

Simu ilitetemeka mfukoni. Ujumbe wa Meneja ulikuwa na herufi kubwa tupu: FUTA UBAO SASA HIVI. AU LETA FUNGUO ZA NYUMBA LEO. Alikuwa anautafuta msamiati wa kujibu wakati kioo kilipoingia giza. Haikuwa na chaji.

Alipoinua macho alimwona mkewe anavuka uwanja, taratibu, akimshika mkono mshonaji ambaye alitaka kuuona ubao kwa macho yake. Mkewe aliusoma mistari yote miwili. Aligusa kidogo pale alama ilipokwanguliwa, kama anayekagua kazi ya fundi. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akatoa funguo mbili zilizofungwa kwa uzi mwekundu, akamwekea mumewe kiganjani na kumfumba vidole.

"Mpelekee," alisema. "Nimeshafagia."